Nafasi ya Thelathini na Nane

Ambakisye alimwamkia kwenye kona ya arobaini na nne, na salamu ile ndiyo iliyomtia Sekela mashakani.

Ilikuwa siku ya tano na ya mwisho ya Mbio za Uporoto. Barabara ya kutoka Chimala kwenda Matamba ina kona hamsini na saba, zimepandana ubavuni mwa mlima kama ngazi, na tangu malori yahamie kwenye reli barabara ile ilikuwa imebaki ya baiskeli na mbuzi. Sekela Mwambungu alisimama peke yake ukingoni, kofia ya sufu imefunika masikio, daftari mkononi. Watu wengine wa timu walikuwa chini Chimala, ndani, mbele ya vioo vya kompyuta vyenye namba. Yeye kanuni ilimtaka awepo kwa miguu yake na aone kwa macho yake, maana ndiye aliyekuwa shahidi wa timu.

Kundi la mbele lilipita, watu saba. Wa tatu wao alikuwa Desideri Nzeyimana, kijana wa Heru Juu, mwenye miaka ishirini na sita.

"Twende Desi! Twende!" Sekela akampigia kelele.

Desideri hakusikia. Alikuwa amekodoa macho kwenye gurudumu la mwenzake, mdomo wazi, ute umeganda kidevuni. Hivyo ndivyo mtu anavyoonekana anapotoa alichonacho chote.

Dakika kumi na moja baadaye akaja Ambakisye Mwakyoma. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja, mrefu, mabega yameinama mbele kama ya mtu aliyezoea kupita milango mifupi. Alikuwa anamsimulia jambo mwendeshaji wa timu nyingine, na yule mwenzake alitweta tu asiweze hata kucheka. Ambakisye akamwona Sekela.

"Shikamoo mama! Baridi hii itakuua, tia hata kanga shingoni."

"Marahaba, baba. Panda, panda!"

Akapanda, bado anasimulia.

Sekela alibaki ameduwaa na kalamu yake. Kabla ya kuwa shahidi alikuwa mkandaji, miaka ishirini akikanda misuli ya waendesha baiskeli. Alijua kwamba mtu aliyeishiwa nguvu hana salamu ya kugawa kwenye kona ya arobaini na nne. Na bado Ambakisye alimaliza wa arobaini na tatu.

*

Makadirio yalisomwa jioni ile katika nyumba ya timu, Uyole. Kocha Msechu alisimama mbele ya ubao, mikono mfukoni, asiweze kuficha furaha yake.

"Desideri. Wa pili."

Sebule ililipuka. Desideri alinyanyuliwa juu, akaangushwa kwenye kochi, akafunika uso kwa viganja. Timu ya Nyanda za Juu haikuwahi kupewa nafasi ya pili katika Mbio Kuu za Maziwa, zile hatua ishirini na moja zinazoanzia Ziwa Nyasa, zikagusa Tanganyika na kuishia Bukoba.

Kocha aliendelea kusoma. Alipofika chini ya orodha sauti yake ilikuwa imeshuka. "Ambakisye. Wa thelathini na nane."

"Haya," Ambakisye akaitikia, kama mtu aliyeambiwa kwamba kesho ni Jumatano.

Makadirio yale yalitolewa na mashine iliyoitwa Mizani. Kila mwendeshaji alikuwa na punje chini ya ngozi ya mtulinga, ndogo kama ya mchele, na punje hiyo ilisoma damu yake, joto lake, mapigo ya moyo na hata usingizi. Mizani ilizikusanya habari hizo kwa siku tano za mbio za kujipima, kisha ikasema kila mtu angemaliza wa ngapi katika mbio kuu, zinazofuata wiki tatu baadaye. Kwa miaka tisa ilikuwa imepatia mno hata shule na hospitali zikaanza kuitumia kwa mambo yao. Kwenye baiskeli, kadirio lilikuwa ndiyo amri. Aliyekadiriwa juu alipewa wenzake wote saba: wamkingie upepo, wamletee maji, wamvulie hata gurudumu akipata pancha. Waliokadiriwa chini waliitwa wabeba maji. Kazi yao ilikuwa kujimaliza kabla ya mlima, kisha wafike wakati wowote watakapofika. Ambakisye alikuwa mbeba maji kwa miaka sita.

Zamani watu walikuwa wameiogopa Mizani, na ili kuwatuliza shirikisho la baiskeli likaweka kanuni: kadirio halitumiki mpaka binadamu aliyeziona mbio kwa macho yake alithibitishe kwa saini. Makadirio yote ya timu yaliandikwa kwenye karatasi moja. Sekela alikuwa ameshasaini makadirio mia mbili na kumi na mawili, na hajawahi kubisha hata moja.

Kocha akamletea karatasi na kalamu juu yake. "Dada Sekela, tumalizie, watu wale."

Sekela aliitazama ile thelathini na nane.

"Nipe hadi kesho adhuhuri."

Kocha akacheka, akidhani ni mzaha. Kisha akaacha kucheka.

*

Asubuhi alimwita Ambakisye kwenye chumba cha kukandia. "Lala hapo. Nataka kuona miguu yako."

"Mama, si uliacha kazi hii?"

"Lala, nimesema."

Akatia mafuta viganjani, akaanza na vigimbi vya miguu, akapanda mapajani. Mikono yake haikuwa imesahau. Juu juu misuli ilikuwa migumu kama mbao. Lakini alipozama kwa kidole gumba, chini yake akakuta kitu kingine, kitu kizima, kinachonesa na kurudi. Uchovu ule ulikuwa wa kazi. Haukuwa na ugonjwa wala uzee ndani yake.

"Umekuwa unafanya nini?"

Ambakisye akajibu kifudifudi, "Nilikuwa nyumbani, Makete. Wiki sita. Napanda milima asubuhi na jioni, nimefunga gunia la viazi nyuma. Niliacha siku mbili kabla ya mbio."

"Siku mbili! Ulijua Mizani itakusoma umechoka."

"Nilijua."

"Sasa?"

Akageuka, akakaa kitako. "Mama, kila mwaka naona jambo lilelile. Hawa wanaong'ara Uporoto, wiki ya kwanza ya Mbio Kuu ni moto, ya pili wanaanza kukohoa, ya tatu wanajikokota. Mimi wiki ya tatu ndiyo naamka. Naamka kabisa, hata hamu ya kula inarudi. Lakini wakati huo nimebeba chupa nane mgongoni na nimeambiwa nimsubiri mtu. Ndizi ukiivisha mapema itaoza mapema. Ningetaka kuonekana Uporoto ningeweza. Ila ningefika wiki ya tatu nimeoza kama wao."

"Mbona hukumwambia kocha?"

"Nilimwambia mwaka juzi. Akaniambia kila mbeba maji anajiona mfalme." Alitabasamu kidogo. "Na yeye ana haki yake. Labda ni kweli najidanganya. Sijawahi kuruhusiwa kujua."

Maneno hayo ya mwisho yalimfuata Sekela hadi kwenye chumba cha namba. Alifunga mlango, akaketi mbele ya kioo. Katika miaka tisa hakuwahi kuiuliza Mizani kitu chochote.

"Umewahi kukosea?"

"Kwa zaidi ya nafasi tatu, mara kumi na tisa," Mizani ikajibu kwa sauti yake ya adabu. "Kati ya makadirio elfu mbili na mia nne."

"Wale unaowakadiria chini ya nafasi ya thelathini. Wangapi waliachwa wakimbie kwa ajili yao wenyewe?"

"Hakuna."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja. Wote walipewa kazi ya kubeba maji."

"Sasa unajuaje kwamba wasingeweza kumaliza juu?"

"Sijui kama wasingeweza. Najua walimaliza wapi. Hilo ndilo ninaloulizwa."

"Na mbona hujawahi kusema hivyo?"

"Hakuna aliyetaka kujua."

Sekela alihisi uso unamwaka. Hakuwa na wa kumgombeza. Mashine haikuwa imesema uongo hata siku moja. Ilisema mtu atakuwa wa arobaini, watu wakamtwika mzigo wa mtu wa arobaini, akamaliza wa arobaini, nao wakapiga makofi kwa jinsi ilivyopatia. Na chini ya kila karatasi ilikuwepo saini yake yeye. Alianza kuwakumbuka wengine kwa majina. Aliwakumbuka kumi na mbili, akasimama, akatoka nje.

*

Desideri alikuwa uani, anasugua mnyororo wa baiskeli yake kwa mswaki wa zamani. Hakuinua kichwa.

"Shangazi, nimesikia hujasaini."

"Bado."

"Kwa sababu ya Amba."

"Kwa sababu ya Amba, ndiyo."

Akaweka mswaki chini. Hakuwa na hasira usoni, na hilo lilimuumiza Sekela zaidi. "Niambie nilikosea wapi. Nimekula walichosema nile, nimelala waliposema nilale. Mwaka jana nilimkingia upepo Kabura, kiongozi wetu wakati huo, mpaka Ngara, natapika njiani. Akapanda jukwaani, mimi nikafua jezi yangu nikanyamaza, maana nilijua kuna zamu. Zamu imefika. Unataka kuivunja kwa sababu Amba alikuamkia mlimani, kama anavyosimulia?"

"Hujakosea popote, baba."

"Basi saini."

Sekela alitamani kumshika bega. Kila alilolisema kijana lilikuwa haki yake tupu. Akisaini, Desideri atapata watu saba na huenda akapata jukwaa, na hakuna atakayemlaumu mama wa miaka hamsini na minne kwa kufanya alivyofanya siku zote. Asiposaini, atamnyang'anya mtu mwema kitu alichokitolea jasho, ili kumpa mwingine kitu ambacho huenda hakipo.

Akapima na kupima, mizani ya moyo wake isitulie. Kilichomwamua kilikuwa kidogo tu. Karatasi haikumuuliza nani anastahili. Ilimuuliza kama yeye, kwa alichokiona, anathibitisha kwamba Ambakisye Mwakyoma ni mtu wa nafasi ya thelathini na nane. Na hilo hakuliona.

"Nisamehe," akamwambia Desideri, akaingia ndani.

Saa sita kasorobo alimrudishia kocha karatasi. Mahali pa saini alikuwa ameandika neno moja: *Sijui.*

Kocha Msechu alilisoma mara mbili. "Unajua maana ya hili? Karatasi nzima imeanguka. Tunaanza Kyela bila kiongozi, kila mtu na nguvu zake, mpaka mwisho. Mbio za wiki tatu! Dada Sekela, nimekaa miaka kumi na miwili naisubiri nafasi ya pili."

"Najua, kocha."

"Unaamini atashinda? Amba?"

"Siamini hivyo. Nimeandika ninachokijua."

"Watatucheka."

"Watanicheka mimi. Jina langu ndilo lililo hapo."

*

Walimcheka kweli. Gazeti moja lilimwita Shahidi Asiyejua, na mchoraji wao akamchora amefungwa kitambaa machoni, ameshika kengele ya baiskeli. Wiki ya kwanza, kutoka Kyela hadi Sumbawanga, Ambakisye alikuwa wa hamsini na moja. Kocha alizungumza na Sekela mambo ya chakula na mizigo tu.

Wiki ya pili ilikuwa mbaya zaidi kwa Sekela, maana ilimhusu Desideri. Kijana alipanda vizuri kama Mizani ilivyosema, akawa wa pili. Siku ya kumi na mbili, nje ya Mpanda, akapata pancha kwenye changarawe. Aliinua mkono. Wenzake wawili walimwona wakasita, lakini kila mmoja alikuwa na mbio zake sasa, nao wakaendelea. Gari la timu lilipofika alikuwa amepoteza dakika moja na sekunde kumi, na nafasi ya pili, akawa wa tatu. Sekela alikuwa ndani ya gari. Desideri alipokea gurudumu bila kumtazama.

Jioni ile Sekela alikaa kwenye ngazi za hoteli na chai yake ikapoa. Alijiambia kwamba kama Ambakisye hataamka, yeye atakwenda kwa Desideri kupiga magoti. Kisha akajiuliza kama, hata Ambakisye akiamka, hatapaswa kupiga magoti vilevile.

Siku ya kumi na nane njia ilipanda kutoka Kigoma kwenda Manyovu, vilima juu ya vilima, na mvua ilikuwa imenyesha. Watu wa wiki ya kwanza walikuwa wamekwisha. Walipanda wameinamisha vichwa kama wanaotafuta sindano iliyoanguka. Zikiwa zimebaki kilomita kumi na moja, mtu mrefu mwenye mabega yaliyoinama alitoka katikati ya kundi. Hakuruka. Aliongeza gia moja, akaketi, akaenda. Mmoja akajaribu kumfuata, akaacha. Mwingine akajaribu. Kwenye gari Kocha Msechu alisogeza uso mpaka kioo kikaingia ukungu.

"Huyo ni Amba?" akauliza, ingawa namba ilikuwa mgongoni. "Dada Sekela, huyo ni Amba!"

Ambakisye aliingia Manyovu peke yake, dakika mbili na nusu mbele ya watu wote, akaruka mpaka nafasi ya kumi na nne katika jumla ya siku zote. Alipovuka mstari hakuinua mikono. Alishuka, akaegemea uzio, akalia kama aliyefiwa, na wanawake wa sokoni wakampa embe asilojua pa kulishika.

Kocha alimwendea Sekela nyuma ya gari. "Mwaka juzi aliniambia," akasema. "Nami nilimcheka."

*

Siku ya ishirini ilimalizikia Ngara, juu ya mlima wa Murgwanza. Baada ya hapo kulikuwa na hatua moja tu ya tambarare kwenda Bukoba, ya kupunga mikono. Desideri alikuwa bado wa tatu. Nyuma yake kulikuwa na mtu anayemzidi mlimani, aliyehitaji sekunde hamsini na nane tu kumtoa jukwaani.

Sekela alikuwa kando ya njia, kilomita tatu kabla ya kilele, ameshika chupa za maji, redio ya timu sikioni. Aliwaona watatu wanakuja wametangulia, na Ambakisye kati yao, mdomo umefumba, anapanda kama anayekwenda shambani. Akishinda leo ataingia kumi bora.

Ndipo redio ikakoroma. Ilikuwa sauti ya Desideri, imekatika katikati ya pumzi. "Amba... Amba, nimeisha."

Sekela alisubiri sauti ya kocha. Haikuja. Bila karatasi yenye saini, kanuni ilimkataza kocha kuamuru nani amsubiri nani, naye, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, hakutafuta njia ya kuizunguka.

Ambakisye alimfikia Sekela, akaipita chupa bila kuichukua. Akageuza shingo. Miguu yake ikaacha kuzunguka.

"Nenda!" Sekela akapiga kelele. "Usisimame, baba, nenda! Hii ni yako!"

Alikimbia hatua kadhaa kando yake, kofia ikamwanguka. Kila alichokitoa kwa ajili ya mtu huyu kilikuwa kinapanda mlima na wale wawili waliokwishaondoka. Ambakisye aliwatazama wanavyopotea kwenye kona. Akaweka mguu mmoja chini.

Desideri alikuja dakika mbili baadaye, nusu dakika nyuma ya mpinzani wake, baiskeli inayumba, uso umekuwa kijivu. Ambakisye akapanda tena, akajiweka mbele yake kwenye upepo, akamwambia neno ambalo Sekela hakulisikia. Wakaenda. Walifika juu na sekunde nne za akiba. Desideri alibaki wa tatu. Ambakisye alishuka hadi wa kumi na saba.

*

Bukoba, baada ya kugawa medali, Desideri alimkuta Sekela nyuma ya jukwaa. Medali ilikuwa shingoni.

"Ya pili ilikuwa yangu, shangazi."

"Najua. Mimi ndiye niliyeichukua."

Alionekana kutarajia amwambie kitu kingine, ajitetee. Alipoona hajitetei, akatikisa kichwa polepole na kuondoka kwenda kwa ndugu zake. Hakumuaga. Sekela alimtazama mpaka akapotea katika watu, wala hakumwita.

Ambakisye alikuwa kwenye hema la chakula, peke yake mbele ya sahani ya ndizi na samaki. Sekela akaketi upande wa pili wa meza.

"Nilikuambia uende," akasema. Alishangaa kusikia sauti yake ina hasira. "Ulinisikia?"

"Nilikusikia, mama. Hata Rwanda walikusikia."

"Basi kwa nini?"

Ambakisye alichambua mwiba kwa makini, akauweka ukingoni mwa sahani. "Miaka sita nimesubiri watu kwa kuambiwa. Sikuwahi kujua, nisipoambiwa, nitafanya nini. Nikamsikia ananiita. Nikasema ngoja nione."

"Ukaonaje?"

"Inauma." Akacheka kidogo, macho yakamjaa. "Inauma kuliko ya kuambiwa, mama, maana sina wa kumlaumu. Jana usiku nimeipanda Murgwanza ile mara mia kichwani, na kila mara nashinda."

"Na ungerudi pale, ungemsubiri tena?"

Alichota ndizi, kijiko kikasimama hewani. Nje watu walikuwa wanaimba jina la mshindi.

"Mwakani akiniita," akasema, "nitamwambia kwanza aniambie shikamoo. Akiweza, basi hajaisha."

Sekela alicheka mpaka akashika ubavu, na alipomaliza kucheka akagundua anafuta machozi. Ambakisye akamsogezea sahani katikati ya meza, nao wakala.